Pumzi Yako Katika Albamu ya Lamont

Nyumba 6F, Barabara ya Tinton,
Bronx, New York.

Jumamosi, 14 Oktoba 2023.

Asubuhi hii kuna mvua nyepesi, ilianza kabla sijaamka. Baridi bado si kali, ila dirisha la jikoni limejaa mvuke na sioni upande wa pili wa barabara.

Mpendwa Shangazi Odessa,

Shikamoo, Shangazi. Kabla ya lolote, goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuachia Agosti umeimaliza, au umeifungia kabatini pamoja na vitu vyako vingine vizuri visivyotumika? Binamu Leola ameniambia kwa simu kwamba siku hizi unaamka alfajiri kufagia uwanja kabla jua halijatoka. Punguza, tafadhali. Uwanja hautakimbia.

Sisi huku hatujambo. Shinikizo langu la damu limetulia, na bado napanga zamu za madereva wa mabasi ya shule. Kaka Rudolph amestaafu kwenye karakana ya treni, na sasa kazi yake ni kuja kwangu kufunua sufuria na kutoa maoni. Mdogo wetu Lamont anaendelea na ufundi wa boila, ile mitambo ya kupashia majengo joto. Mwanawe, Jalen, ametimiza miaka ishirini na mbili, karibu atagusa dari, na anakula chakula cha watu wawili bila aibu.

Yale maharage tuliyoyamenya pamoja barazani kwako nimeyapika mara mbili, kwa shingo ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi. Rudolph alionja, akalamba kijiko, akanyamaza. Kwa Rudolph hiyo ni sifa kubwa.

Sasa nina jambo, na nitalieleza kwa mpangilio, maana likikufikia vipande vipande utakasirika kabla hujafika mwisho. Lamont ndiye aliyepaswa kukueleza. Tangu Septemba amekuwa akisema atakupigia simu Jumapili baada ya ibada. Jumapili zinakuja, zinapita, na yeye anakumbuka ghafla kwamba kuna boila ya mtu inavuja. Kwa hiyo nimeamua kuandika mimi.

Unakumbuka kwamba mwaka 1993 Lamont na rafiki yake Terrence Mabry walitoa albamu ya hip hop. Waliiita Lifti Mbovu, kwa sababu lifti ya jengo hili haikufanya kazi miaka yote tuliyokulia hapa. Terrence ndiye aliyeghani, Lamont alitengeneza midundo. Mwaka ule ule ulimwambia Lamont kwa simu kwamba huo si muziki, ni kelele za watoto wasio na malezi. Alicheka siku ile. Hakusahau, lakini hana kinyongo, nakuhakikishia.

Albamu haikuvuma sana. Waliiuza kwa kaseti na santuri, nyingi wakizitoa kwenye buti ya gari. Kisha kampuni yao ndogo ikafa, na Terrence naye akafariki mwaka 2001, figo, akiwa bado kijana. Mama yake, Bi. Hattie, bado anakaa ghorofa ya nne hapa hapa.

Lakini albamu yenyewe haikufa, Shangazi. Watu walirekodiana kaseti, kisha watoto wao wakaiweka kwenye intaneti, sauti ikiwa imechakaa na mvumo mwingi. Jalen anasema vijana wa Japani wanaijua neno kwa neno. Mwaka huu imetimiza miaka thelathini, na kampuni moja kubwa imetaka kuitoa upya, safi, kwa santuri mpya na kwenye simu. Lakini siku hizi kila sauti iliyokatwa kutoka santuri ya mtu mwingine lazima mwenyewe aridhie kwa saini. Lamont alipata ridhaa zote isipokuwa moja. Wimbo wa mwisho umejengwa juu ya sauti ya mwanamke anayeimba wimbo wa kanisani, na Lamont hakujua ni nani.

Hakujua kwa sababu ya Rudolph. Hapa inabidi nikueleze desturi moja ya watu wa huku. Enzi za Rudolph, mwaka 1978 na 1979, DJ aliyepata santuri yenye mdundo mtamu aliificha kama mke mpya. Wapinzani walikuja kusimama nyuma yake kwenye sherehe, wakinyoosha shingo wasome jina kwenye karatasi ya katikati, ili kesho nao wakainunue. Kwa hiyo DJ mwerevu aliitoa ile karatasi. Rudolph alijaza hodhi la kuogea maji ya moto, akazitumbukiza santuri zake, na asubuhi karatasi zilikuwa zimebanduka zenyewe. Mama alikuwa akienda kuoga anakuta hodhi limejaa muziki. Makelele yake nadhani mliyasikia mpaka huko kwenu Carolina.

Rudolph alipooa, aliacha kreti zake zote kwa Lamont. Santuri zisizo na majina. Humo ndimo Lamont alimokata vipande vyake.

Sasa turudi barazani kwako, Agosti, siku moja baada ya mkutano wa ukoo, sote bado tumevaa zile fulana za njano. Tulikuwa tunamenya maharage. Ukaanza kuvumisha wimbo, polepole, bila maneno. Ulipofika katikati ukakata, ukavuta pumzi mahali ambapo mtu mwingine asingeivuta, katikati kabisa ya neno, kisha ukaendelea. Mimi nikaacha kumenya. Uliniuliza kama nimejikata kidole.

Ile pumzi naijua, Shangazi. Nimeisikia kwa miaka thelathini, ila kwa kasi zaidi, kwa sababu Lamont aliiharakisha sauti mpaka ikawa nyembamba kama ya msichana mdogo. Nilikuuliza huo ni wimbo gani. Ndipo uliponieleza habari ambazo sikuwahi kuzisikia: kwamba wewe na Shangazi Eula mlirekodi santuri mwaka 1966, nyuma ya duka la samani huko Charleston, kwa makofi na miguu tu, kwamba mwishoni kiti cha yule bwana wa mashine kilivunjika naye akaanguka, Eula akacheka, na bwana akasema santuri itabaki hivyo hivyo kwa kuwa hana nyingine ya kupoteza. Ukanieleza kwamba Eula alipofariki uliacha kuimba mbele za watu, na kwamba nakala yako ilikwenda na maji wakati wa kimbunga cha 1989. Ulisema jambo moja nililoliandika katika shajara yangu jioni ile: kwamba sura yake unayo kwenye picha, lakini sauti yake inakutoroka kila mwaka zaidi.

Sikukwambia kitu. Nilitaka kuwa na hakika kwanza. Ingekuwa ukatili kukupa tumaini kisha niwe nimekosea.

Niliporudi niliwaita Rudolph na Lamont. Nikamwambia Lamont alete ile santuri yenyewe, si albamu, na aipige kwa kasi yake halali. Tulisikia miguu kwanza, kisha makofi, kisha wewe. Chini yako kulikuwa na sauti nyingine, nzito kidogo. Mwishoni kabisa kukawa na kishindo, na mwanamke akacheka.

"Hii uliitoa wapi?" Rudolph akauliza.

"Kwenye kreti zako," Lamont akamjibu.

"Kreti zangu zipi?"

"Zile ulizoniachia. Kwani una ngapi?"

"Zile niliziloweka zote."

"Hata za Baba?" mimi nikauliza. "Rudolph, uliloweka hata santuri za kanisani za Baba?"

"Dada, mwaka ule ningeloweka hata Biblia kama ingekuwa na mdundo."

Nisamehe kwa maneno hayo, Shangazi, ndivyo alivyosema, na alisema kabla hajafikiri. Kisha alifikiri. Baba aliitafuta santuri yenu mpaka alipochoka. Namkumbuka, ingawa wakati ule sikumwelewa, akipekua kreti moja baada ya nyingine, akisema sauti za dada zake zimo humu ndani, au labda zilipotea tulipohama kutoka Barabara ya Fox. Zilikuwemo kweli. Aliishika mkononi pengine mara kumi, ila haikuwa na jina, akairudisha. Na Lamont alipotoa albamu, Baba alisikia tusi la kwanza akazima, hakufika wimbo wa mwisho. Rudolph alikwenda kusimama dirishani muda mrefu. Hakutaka chai.

Basi hivyo ndivyo ilivyo. Sauti iliyo katika wimbo wa mwisho wa Lifti Mbovu ni yako, na ya Eula iko chini yake. Hata kile kishindo Lamont alikiacha mwishoni, kwa sababu alikipenda bila kujua ni nini. Vijana kwenye intaneti wamebishana miaka yote hii. Wengine wanasema ni mlango wa lifti, wengine bunduki, mmoja aliandika kurasa nyingi kuthibitisha kwamba ni mlango wa gereza. Jalen mwenyewe alikuwa upande wa lifti. Nilipomwambia ni kiti cha duka la samani na shangazi wa Charleston akimcheka mzungu aliyeanguka, alikaa sakafuni.

Lazima nikueleze wimbo wenyewe unasema nini, maana sitaki uridhie kitu usichokijua. Terrence anasimulia mama yake akirudi kutoka kufua. Anaghani hivi:

Mama anapanda ngazi, mzigo wa nguo begani,
lifti imelala tena, taa imezimika njiani,
ghorofa ya tatu anatua, anaegemea ukutani,
anavuta pumzi moja, nami namsikia chumbani.

Anapofika hapo Lamont anakata mdundo wote. Kimya. Na katika kimya hicho inasikika ile pumzi yako, peke yake. Kisha unaendelea na neno lako, na mdundo unarudi. Wimbo wote umejengwa hivyo, ngazi hadi ngazi, na kila anapotua ni wewe unayepumua.

Yamo matusi mawili. Ni makubwa, siwezi kuyaandika hapa. Katika yote mawili anatukanwa mwenye jengo.

Sasa nije kwenye yaliyotokea Alhamisi, ndiyo yaliyonifanya nikae chini leo.

Huku kwetu watu hubishana albamu gani haichuji kama mnavyobishana huko ni nani anayepika wali mwekundu wa kweli. Hubishana kwa kinyozi, hubishana ngazini, madereva wangu hubishana kwenye redio ya kazini mpaka niwakatishe. Rudolph anashikilia kwamba albamu isiyochuja ni ile iliyotoka kwenye madirisha ya magari kiangazi kizima bila mtu kulipwa aipige. Jalen anasema ni ile isiyo na wimbo wa kuruka. Lamont huwa hasemi kitu, yeye ana albamu moja tu na hataki kuonekana anajisifu.

Mimi si mjuzi, lakini nimekaa na muziki huu tangu ulipokuwa santuri mbili na kipaza sauti, na waya uliovutwa kutoka nguzo ya taa ya barabarani. Hauketi mahali pamoja. Siku za Lamont ulikuwa wa vipande vilivyokatwa na kushonwa upya. Sasa vijana wanaimba zaidi kuliko kughani, sauti zimenyooshwa kwa mashine, wimbo unakuja peke yake bila ndugu zake, na kabla hujakaa umekwisha. Siwalaumu. Na sisi tuliambiwa wetu si muziki. Wewe ulikuwa mmoja wa waliosema, Shangazi.

Nyingi za wakati ule zimekuwa zilipendwa. Unaisikia, unatabasamu, unamkumbuka mtu fulani na jinsi alivyokuwa anavaa, unaendelea kuosha vyombo. Lifti Mbovu hainiachi nioshe vyombo. Na si kwamba haijazeeka. Imo simu ya kibandani, limo duka la viatu ambalo leo ni benki, imo mizaha ambayo sasa hata mimi naona haya kuisikia. Jalen hajawahi kutia sarafu kwenye simu maisha yake yote. Ila mama yule wa ngazini anamjua. Sijui namna nzuri ya kulisema. Labda ni kwamba albamu ya kawaida ukiondoa kitu kimoja unaziba pengo kwa kingine, maisha yanaendelea. Hii huwezi.

Alhamisi jioni Lamont alikuja na spika ndogo. Kijana mmoja wa ile kampuni kubwa, Kessler, alikuwa amemtumia wimbo wa mwisho uliotengenezwa upya. Walichoka kusubiri ridhaa, kwa hiyo wakaiondoa sauti yako na kuweka nyingine iliyotungwa na mashine, isiyo na mwenyewe, isiyohitaji saini ya mtu. Nilikuwa nimekaanga samaki. Tulikuwa wanne mezani.

"Wanasema hatutajua tofauti," Lamont akasema.

"Nani hatajua?" Rudolph akadakia. "Mimi, au huyo Kessler aliyezaliwa juzi?"

"Sikiliza kwanza, kaka."

"Nasikiliza. Haya masikio ndiyo yaliyokupa kazi."

"Yalinipa kreti zisizo na majina. Nakula matunda yake mpaka leo."

"Ungeniomba majina mapema, wewe! Ulikuwa unaogopa nini?"

"Nyamazeni nyote wawili," nikasema, "samaki wanapoa."

Lamont akabonyeza. Nitasema kweli, Shangazi, ilikuwa nzuri. Sauti tamu, laini, imenyooka, haina mkwaruzo. Hata kichwa cha Rudolph kilianza kuitikia kabla hajakizuia. Terrence akaanza kupanda ngazi. Ghorofa ya kwanza, ya pili. Ghorofa ya tatu mama akaegemea ukuta, mdundo ukakatika, na pakawa kimya. Kimya kitupu. Kisha ile sauti tamu ikaendelea kama hakuna kilichotokea.

Jalen alikuwa na samaki mdomoni. "Mbona mama kafa?" akauliza.

"Kafa wapi?" Lamont akasema.

"Si pale ukutani. Hapumui. Baba, hawa watu wamemuua mama yake Terrence kwenye ngazi."

Hakusema kwa mzaha. Mtoto huyu ndiye anayesikiliza nyimbo za dakika mbili mchana kutwa. Tulidhani yeye ndiye hatajali. Rudolph aliweka uma chini.

Lamont alichukua simu, akampigia Kessler pale pale, mikono ikiwa bado na mafuta. Sisi tulisikia upande wake tu.

"Bwana Kessler, hii hapana... Hapana, sijasema ni mbaya. Nimesikia ni nzuri... Ndiyo, najua haina gharama. Sikiliza. Ile sauti ina mwenyewe. Ni shangazi yangu, yuko hai, na sijamwuliza... Kwa sababu naogopa, bwana, wewe huna shangazi?"

Kessler alimpa mpaka mwisho wa Novemba. Baada ya hapo, alisema, ama waitoe na ile sauti ya mashine, ama waiache kabisa.

"Basi mtaiacha," Lamont akamwambia, akakata simu. Kisha akakaa, akala samaki wake waliopoa.

Kwa hiyo liko mikononi mwako, Shangazi. Ukiridhia, Lifti Mbovu itarudi ilivyokuwa, na safari hii jina lako na la Eula yataandikwa juu ya jalada, pamoja na la Terrence. Malipo yapo, na Lamont atakueleza. Ukikataa, albamu haitarudi madukani. Itabaki ilivyo, na mvumo wake, mikononi mwa wale wanaoipenda, na hakuna mtu wa nyumba hii atakayekuuliza kwa nini.

Rudolph alitaka nikuandikie kwamba muziki huu sasa una heshima, kwamba vyuo vikuu vinaufundisha, kwamba hata makanisa yanautumia kwa vijana. Ni kweli, lakini sitaki kukubembeleza kwa hayo. Ulimwimbia Mungu siku ile, wewe na dada yako, hamkuwa mnamwimbia Terrence. Kama kwako kuiweka sauti hiyo kando ya matusi mawili ni kuitoa mahali ilipowekwa wakfu, hiyo ni sababu tosha. Nilimwambia Lamont hivyo, naye akasema ndicho hasa anachokiogopa. Haogopi ukisema hapana. Anaogopa ukisema ndiyo kwa kumhurumia, kisha uende kanisani na huzuni.

Kwa upande wangu naomba jambo dogo. Isikilize kwanza. Usisikilize kwa ajili ya hip hop, sikiliza kwa ajili ya yule mwanamke wa ngazini. Nadhani unamjua kuliko sisi. Umepanda sana na mizigo.

Na hili nakuomba ulisome mara mbili: santuri yenyewe ni yako, iwe ndiyo, iwe hapana. Lamont ameisafisha kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akatoa na nakala kwenye kidude kidogo ambacho Leola atakuonyesha jinsi ya kukiwasha. Anapanda basi la Ijumaa jioni, tarehe 20, atafika kwako Jumamosi kabla ya chakula cha mchana. Hataki kuituma kwa posta. Ameikatia tiketi ya kiti chake yenyewe, usicheke. Rudolph naye alitaka kuja, tukakubaliana abaki, maana safari nzima angekuwa anamwambia dereva breki zinalia.

Lamont atakuwa amejitayarishia hotuba. Usimwache aitoe. Kama jibu lako ni hapana, mwambie pale pale mlangoni, kabla hajaweka begi chini, la sivyo atakaa siku mbili akitengeneza bomba zako zote ambazo hazijaharibika. Halafu mpe chakula. Kama ni ndiyo, vile vile mpe chakula kwanza, ndipo umwambie, kwa sababu akisikia ndiyo hataweza kula.

Nisalimie Leola na mumewe, mchungaji wenu na mama mchungaji, na yule jirani yako mwenye bata wengi, mwambie mayai yalifika salama hadi huku, moja tu lilipasuka. Bi. Hattie wa ghorofa ya nne anakusalimu sana. Nimemweleza kila kitu. Amesema anakuamkia kama mtu aliyepanda naye ngazi zile. Jalen anauliza kama ni kweli Shangazi Eula alikuwa na cheko la kusikika hadi barabarani, mjibu mwenyewe.

Mungu akulinde ulalapo na uamkapo, akutunzie goti na nuru ya macho, na akupe amani ya moyo kwa jibu lolote utakalochagua.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye daima,

Renita Gadsden

Nyongeza, Jumapili asubuhi. Jana nilikuwa nimekwisha kuifunga barua hii Lamont alipopiga simu. Aliniuliza kama nimeandika kuhusu yale matusi. Nikasema ndiyo. "Yote mawili?" Nikasema yote mawili, na anayetukanwa pia. Akasema, "Basi sasa anaweza kunijibu." Nilimsikia akivuta kiti, akakaa, na hatukukata simu mara moja. Nilipanda kitandani mapema lakini usingizi haukuja upesi. Nililala saa nane kasoro robo usiku.